Bunduki Nilizozisugua Masumbwe

Siku ya kuanua matanga ya Fundi Idi kule Masumbwe, mzee mmoja alisimama mbele ya watu akiwa na gobore mkononi. Aliwaambia vijana waliokaa mikekani wakitazame kitako chake. "Tazameni huu mng'ao," alisema. "Hii si rangi ya dukani. Huu ni mkono wa mtu, na mkono wenyewe tumeufukia juzi." Watu waliguna kwa huzuni, na kijana mmoja akaomba aguse. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nimejifunika kanga. Nilikuwa nimesafiri kutoka Tinde kwa basi kwa sababu marehemu aliwahi kuwa mume wangu, na ubinadamu unataka mtu aende. Kile kitako nilikijua kabla mzee hajamaliza kukiinua. Chini ya mahali pa kuegemeza shavu kina doa jeusi, alama ya tawi lililovunjika mti ukiwa mchanga, na kando ya doa hilo nyuzi za mbao zinapinda kama maji yanayozunguka jiwe. Nilikisugua mimi. Idi hakukisugua hata siku moja. Nilinyamaza, kwa sababu matangani si mahali pa kudai. Lakini njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani bila kujibu salamu ya mtu, na nilipofika nyumbani sikuweza kula. Nimefika umri wa kujua kwamba hasira ya aina hiyo haiondoki kwa kulala. Basi naiandika, kwa utaratibu, kama nilivyozoea kufanya kazi.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado anatawala na barabara ya Geita ikiwa vumbi tupu. Idi alikuwa amefanya kazi ya useremala kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Alipoacha kazi alirudi na sanduku la randa na patasi, akanioa, akafungua karakana yake Masumbwe, kando ya barabara, mahali ambapo wawindaji walitokea porini na malori yalisimama kupoza injini. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa karakana yenyewe: meza ya kazi, jiliwa la chuma la kubania mbao, madirisha mawili yasiyo na vioo, na ukutani bunduki zilizosubiri zamu yake. Cha katikati tulilala. Cha nyuma kilikuwa stoo, na wakati wa mvua kilikuwa jiko pia. Kuta hazikufika kwenye bati, kwa hiyo neno lililosemwa karakana nililisikia stoo kama limesemwa sikioni mwangu. Ndani ya stoo ile, juu ya kigoda, bunduki ya mtu nisiyeruhusiwa kumwona imelala mapajani mwangu, ndimo nilimoumalizia mwaka wangu.

Mbao yote ya bunduki, kuanzia inapokaa begani hadi inapoubeba mtutu, sisi tuliiita kitako. Idi alikuwa fundi mzuri wa patasi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na sitaki hasira yangu inifanye mwongo. Aliweza kuchukua gogo la mninga akachonga kitako, na mtambo wa bunduki ukakaa ndani yake bila kuacha nafasi ya kupenyeza ukucha. Lakini hakuwa na subira ya mafuta. Kule mgodini aliwaona wenzake wakipaka mafuta ya kitani, yale ambayo wapaka rangi huyaita linsidi, na alichojifunza kwao ni jina la mafuta na sura ya kopo. Aliyamimina kwa wingi, akaondoka. Kitako kilibaki kinanata, vumbi la barabara likakivamia, na mwenyewe alipokuja kukichukua kiganja chake kilitoka cheusi. Siku moja nilichoka kuona mbao nzuri ikiharibiwa hivyo. Idi akiwa ameenda kutafuta magogo, nilikwangua ule utando wote kwa kipande cha chupa, nikaanza upya. Aliporudi alikigeuza kitako mwangani mara kadhaa, akakitundika. Kesho yake akaniletea kingine. Ndivyo kazi ilivyohamia kwangu, na hakuna aliyewahi kutangaza kwamba imehama.

Nilijifunza kwa kukosea. Jambo la kwanza ni kutoa mafuta ya zamani. Unakoroga majivu na magadi viwe uji mzito, unaupaka juu ya mbao, unauacha unyonye mpaka ukauke na kupasuka, unaukung'uta, unarudia, mpaka majivu yatoke na rangi ile ile yaliyoingia nayo. Kisha unapitisha kitambaa chenye maji ya moto na kuipeleka mbao juu ya makaa, ili nyuzi zilizolala zisimame, nazo unazikata kwa jani la msasa. Unaendelea hivyo mpaka zikatae kusimama. Ndipo mafuta, na mafuta ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Tone dogo linatosha sehemu kubwa. Unasugua kwa nyama ya kiganja, si kwa kitambaa, mpaka kiganja kipate moto na moto huo uingie kwenye mbao, halafu unafuta chote kilichobaki juu. Unaitundika penye hewa. Anayeigusa kabla haijawa tayari anaanza upya, na anayepaka mara ya pili kabla ya mara ya kwanza kushika anaanza upya pia. Vitambaa vilivyolowa nilivianika kimoja kimoja juu ya ua, kwa sababu nilipowahi kuvirundika kona ya stoo vilianza kufuka moshi vyenyewe bila mtu kuviwasha. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujifundisha kusoma, nilikuta maelezo ya jambo hilo katika kitabu cha useremala. Kilisema mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hula hewa na kugeuka ngozi nyembamba, na wakati yanakula hewa hutoa joto. Nilifurahi kupata sababu. Halafu furaha ikageuka, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyoyajua hayo yote nikiwa nimefichwa kama chungu cha pombe siku ya ukaguzi.

Nilifichwa kwa sababu ya mwiko. Kwa wawindaji wa kule, bunduki haishikwi na mwanamke. Akiigusa, walisema, shabaha inapotea na nyati aliyejeruhiwa anarudi kumtafuta aliyempiga. Wao walikuja asubuhi, wakakaa na Idi karakana mpaka jua lipande. Mimi nilipika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga, au nyama ya porini waliyoileta wenyewe, nikasukuma sinia kizingitini na kurudi nyuma. Walikula wakiongea, na mimi nilisugua nikisikiliza.

"Idi, mkono wako una nini?" mmoja aliuliza siku moja, mdomo umejaa. Alikuwa kijana wao, jina lake Shija, mwenye maneno mengi. "Kitako changu kinateleza kama shavu la bi harusi."

"Wewe umeshika mashavu ya mabibi harusi wangapi?" mwenzake akamjibu. "Mkeo mwenyewe hakuruhusu kushika mwiko wa ugali."

Walicheka wote, na Idi akacheka nao. "Ni subira, ndugu zangu," alisema. "Mafuta yanataka mtu mwenye subira."

Niliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake niliacha kusugua. Jioni, tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, nilimuuliza kwa nini hawaambii angalau kwamba ana msaidizi. Hakukasirika. Idi hakuwa mtu wa kukasirika; alikuwa na sauti laini na tabasamu lililokuja haraka, na hilo ndilo lililowafanya watu wamwamini. "Kabula," alisema, "wakijua hawatakuja. Wasipokuja utakula subira? Halafu mkono wa mke si ndio mkono wa mume?" Sentensi hiyo ya mwisho ilinipendeza wakati ule. Nilidhani ni heshima. Leo naiona ilivyokuwa: namna tamu ya kumwambia mtu kwamba hana mikono.

Kiangazi kilipoanza, Mzee Maganga alileta bunduki yake. Alikuwa mwindaji aliyeheshimiwa kuliko wote, mtu mrefu asiyesema mengi, na bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake. Ilikuwa imeishi juu ya jiko la nyumba yake miaka na miaka, moshi ukiipiga kutoka chini na siagi ikipakwa kutoka juu, mpaka mbao ikawa nyeusi kama chungu. Kwa watu wa kwetu kitu cha baba aliyekufa ni kama baba mwenyewe. Kinawekwa mahali pake, kinasalimiwa, kinapakwa siagi ili asione amesahauliwa.

"Mzee amechoka," nilimsikia Maganga akimwambia Idi. "Mtambo unacheza, mwili umepasuka. Mnyooshe."

"Atasimama, baba," Idi akajibu.

Idi aliziba nyufa na kukaza mtambo, kisha akaniletea. Majivu yaliinyonya siagi ile kwa muda mrefu kuliko kitako chochote nilichopata kukishika. Kila nilipoyatoa yalitoka na mafuta ya kahawia yenye harufu ya zizi. Chini ya weusi ule palikuwa na mninga mwekundu ambao pengine hata Maganga hakuwahi kuuona. Mahali pa kushika, dole gumba la baba yake lilikuwa limechimba kishimo kidogo. Idi angekipitishia randa. Mimi nilikizunguka kwa msasa nikakiacha, na nilipofika kwenye mafuta nilikisugua kwa dole gumba langu, lililoingia humo bila kukijaza. Nilipomaliza nilimwita Idi, nikamwambia jambo moja, na nilihakikisha amelisikia. "Mwambie asiipake siagi. Mafuta yangu bado yanaendelea kushika, siagi itayazuia, na itabaki juu pale pale na harufu yake. Akienda nayo porini hivyo, anajitembeza kama nyama."

"Nitamwambia," alisema.

Asubuhi ya kuichukua, Idi alimkabidhi Maganga. Kisha nilisikia sauti yake, imebadilika. "Baba amerudi," alisema. "Leo tunampokea. Mbuzi amekwisha kuchinjwa."

Nilisubiri. Nilingoja Idi aseme. Niligonga kopo la mafuta kwa kijiko ili kumkumbusha, naye akakohoa kuonyesha kwamba amesikia.

"Mpokee vizuri, baba," alisema, na nikasikia hatua za Maganga zikitoka.

Mchana nilimwekea Idi chakula, nikasimama mbele yake. "Hukumwambia."

"Mwindaji mzee kama yule nimfundishe kutunza bunduki ya baba yake?"

"Ndiyo. Kwa sababu imebadilika."

"Na akiniuliza nimejuaje kwamba siagi inayaharibu mafuta, nimjibu nini?"

"Mjibu kwamba unajua."

"Sijui," alisema, akamega tonge. Nafikiri hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule aliponieleza ukweli mzima, na aliusema akitafuna.

Yaliyofuata yangeweza kutabiriwa na mtu yeyote aliyewahi kuacha viatu vya ngozi nje. Zamani Maganga aliipaka siagi kidogo na moshi ukaishughulikia. Safari hii baba alikuwa ametoka safarini, amevaa ngozi mpya, kwa hiyo alipokewa kama anavyopokewa mtu: alipakwa siagi na mafuta ya mbuzi kutoka kichwani hadi miguuni, tele, mpaka yakachuruzika. Kesho yake wakaenda naye porini. Walitundika nyama juu ya mti ili wanyama wasiifikie, na bunduki wakazilaza chini karibu nao. Kulipokucha, bunduki ya Maganga haikuwepo. Walifuata majani yaliyolala wakaikuta nyuma ya kichuguu. Fisi alikuwa ametafuna kitako mpaka kwenye mtambo, na kwenye mtutu palikuwa na alama za meno. Bunduki za wengine, zilizolala pale pale, hazikuguswa. Kwetu fisi si mnyama tu. Wapo wanaoamini kwamba anafugwa, anatumwa, na kwamba wanaomtuma mara nyingi ni wanawake. Maganga alirudi kijijini amebeba mabaki yale ndani ya shuka, kama mtu aliyebeba maiti ya mtoto, na swali lake lilikuwa moja: nani mwingine aliigusa.

Aliyepata jibu ni mkewe. Tulikutana kisimani. Nilipoinama kuvuta kamba aliushika mkono wangu akaugeuza. Viganja vyangu vilikuwa vya rangi ya mninga, laini, vinang'aa, kwa sababu mafuta yanayogeuka ngozi juu ya mbao hugeuka ngozi juu ya mtu pia.

"Viganja vyako vina nini, Ng'wana Masanja?" aliuliza, akiniita kwa jina la baba yangu. Kisha akavinusa. Alinusa taratibu, kama anavyonusa maziwa mwanamke anayejua maziwa. "Harufu hii ililala nyumbani kwangu," alisema, akauachia mkono. Wanawake wengine walisogeza ndoo zao mbali na yangu. Hakuna aliyepiga kelele. Kelele ningeiweza.

Mwanangwa, kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, alituita uani kwake mchana wa siku ya pili. Lilikuwa shauri la wawindaji, na wawindaji huenda kwenye shauri lao na bunduki zao, kwa hiyo walikaa kwenye vigoda kwa nusu duara, bunduki zimelala magotini. Mimi niliambiwa nikae chini karibu na ghala la mtama. Katikati, juu ya ngozi ya mbuzi, uliwekwa ule mtutu na kipande cha mbao kilichobaki. Sikuwa mtoto. Nilijua kwamba mwanamke aliyehusishwa na fisi huenda asiondoke kijijini kwa miguu yake, na kwamba yupo mtu mmoja tu awezaye kuniinua pale kwa maneno machache: kwamba yeye ndiye aliyenituma kazi ile, na kwamba nilimpa onyo akalikalia. Alikaa upande wangu wa kulia, amevaa kanzu safi niliyoifua mimi.

"Fundi," mwanangwa alianza, "bunduki hii aliisugua nani?"

"Kazi ni yangu, mzee."

"Sijauliza kazi ya nani. Nimeuliza aliisugua nani."

Idi alitazama mikono yake kama anayetafuta jibu humo. "Mimi huwa natoka," alisema. "Naenda kutafuta magogo. Mke wangu huingia karakana nikiwa sipo. Nimemkataza. Lakini mzee unawajua hawa wanawake wa Kisukuma, masikio yao yako shingoni."

Wachache walicheka. Alikuwa amewapa utani ili wapate pa kupumulia.

"Kwa hiyo aliigusa bila wewe kujua."

"Kama aliigusa," Idi alisema kwa ile sauti yake laini, "aliigusa bila mimi kujua."

Nimeligeuza jibu hilo miaka yote hii kama ninavyogeuza kitako mwangani kutafuta mahali mafuta hayakushika, na sijapata ufa. Lilichongwa vizuri. Hakusema kwamba mimi ni mchawi, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kumwita mwongo au mkatili. Alifungua mlango tu, akasogea pembeni ili wengine wapite. Wapo ndugu walioniambia baadaye kwamba aliogopa, na kwamba mtu mwenye hofu asihesabiwe. Mimi pia niliogopa. Na bado nilisimama.

"Kaa chini, mama," mwanangwa alisema.

"Nitakaa nikimaliza."

Nilienda kwa mwindaji wa kwanza upande wa kushoto. Sikuigusa bunduki yake, nilinyoosha kidole. "Hii ya kwako, baba, ina ufa chini ya mtambo uliozibwa kwa unga wa mninga na gundi. Ipindue uone. Niliusugua siku ya mvua, ukagoma kushika, nikaurudia." Aliipindua kabla ya kujizuia. Nilienda kwa wa pili. "Yako ilikuja na damu iliyoganda kwenye nyufa za kitako. Niliitoa kwa magadi." Kwa wa tatu nilimwonyesha mahali msasa wangu ulipoteleza ukaacha mkwaruzo mwembamba kama unywele, na akauona, ingawa alikuwa ameibeba miezi mingi bila kuuona. Nikafika kwa Shija. "Na hili shavu la bi harusi," nilisema, "ni mimi."

Aliondoa mikono yake juu ya bunduki kana kwamba imepata moto. Mmoja baada ya mwingine wakaziteremsha kutoka magotini wakazilaza chini, mpaka zote zikawa juu ya vumbi na wao mikono mitupu.

"Zimepita kwangu zote," nilisema. "Mmezipigia mapofu na nyati, na nyama yao nimeipika na mkaila. Nani kati yenu alikosa shabaha? Nani alirudiwa na nyati? Kama mkono wangu unaita fisi, fisi wangekuwa wamezimaliza bunduki za Masumbwe. Aliyepakwa siagi ni mmoja, na aliyeliwa ni mmoja." Nikamgeukia Maganga. "Baba, nilimwambia mume wangu akuonye usiipake siagi. Alikuonya?"

Maganga alimgeukia Idi. Idi alikuwa anatoa uzi kwenye pindo la kanzu.

"Hakunionya," Maganga alisema.

Wazee walisogeleana wakanong'ona. Niliuelewa ugumu wao na bado sina huruma nao. Ikiwa mimi nina mkosi, bunduki zao zote zilikuwa na mkosi, na kibali cha serikali cha kumiliki nyingine hakipatikani kirahisi. Ikiwa bunduki ni nzima, mimi ni mzima, na mwiko wa baba zao ulikuwa umevunjwa mwaka mzima bila jua kuanguka. Mtu mwenye akili angeichukua mojawapo. Wao walichukua njia ya tatu. Mwanangwa alisema kwamba maneno ya uani yaishie uani, kwamba bunduki zitafukizwa dawa kabla hazijaondoka, na kwamba mwanamke arudi kwao kwa amani. Alilitamka neno amani kwa upole, na watu wakaitikia. Walizifukiza zote mbele yangu kwa majani yaliyotiwa makaani, kisha kila mtu akaokota ya kwake, akaifuta vumbi kwa mkono ili ing'ae, akaitia begani. Hakuna aliyeiacha.

Idi alinipa talaka jioni hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Alinifungia nguo zangu vizuri kwenye shuka, akanitafutia nafasi kwenye lori la pamba, akamwomba dereva asiende kasi. Kopo la mafuta alilibakiza.

Nikarudi Tinde. Wapaka rangi waliokuwa wakishughulikia duka jipya la barabarani waliniachia mafuta yaliyobaki chini ya kopo, nami nikaanza na vitu ambavyo hakuna mtu anayeviwekea mwiko: mipini ya majembe, vigoda, mitwangio, fremu ya kitanda cha padri. Nilifanyia kazi mlangoni, barabarani, ambapo kila apitaye angeona ni nani anayesugua. Watu wa Masumbwe waliopita na malori walinipa habari bila mimi kuuliza. Walisema mkono wa fundi umeondoka. Walisema pengine amerogwa.

Mwaka haujaisha, siku ya mnada, Mzee Maganga alishuka kwenye lori akiwa na kitu kirefu kilichofungwa shuka. Nilimpa shikamoo kwa sababu alikuwa mzee, naye akaitika. Alifungua shuka. Ulikuwa mtutu ule ule wenye alama za meno, umekalishwa juu ya kitako kipya cha mninga kilichochongwa vizuri sana, na chote kilinata. Mafuta yalikuwa yamemiminwa na kuachwa. Vumbi lilikuwa limeingia, nzi mmoja alikuwa amekwama karibu na mtambo, na pale pa kushika, alama za vidole vya Idi zilikuwa zimeganda wazi, mstari kwa mstari.

"Tuingie ndani," Maganga alisema.

"Hapa panatosha, baba. Umeileta kwa nani?"

"Nimeileta hapa."

"Hapa ni nyumba. Kwa nani?"

Wanawake waliokuwa wakiuza michembe kando ya mlango waligeuka kututazama.

"Kwa fundi," alisema.

"Mtaje."

Alitazama barabara, upande lori lilikokwenda, lakini lilikwisha kupotea. "Kwa Kabula," alisema hatimaye. "Ng'wana Masanja. Nimemletea bunduki ya baba aisugue."

"Kaza sauti, mzee," mwanamke mmoja akamwambia kutoka nyuma, "sisi wa huku hatujapata."

Walicheka, na yeye akarudia, safari hii kwa sauti ambayo ingesikika mnadani. Ndipo nikanyoosha mikono nikaichukua, mbele yao wote.

"Na mwiko?" nilimuuliza.

"Mwiko nitaongea na baba mwenyewe."

Hakuomba radhi, nami sikumsaidia kuomba. Sijamsamehe hadi leo, yeye wala yeyote aliyekaa uani siku ile na bunduki magotini. Jioni hiyo hiyo nilikipaka kitako majivu, nikazifuta zile alama za vidole, nikaifanya kazi yote bila kuruka hatua, kwa sababu mti ule haukunikosea kitu.